Ulifunga Kitabu Ukurasa Gani?

Asalaam aleikum, ndugu zangu, na hamjambo nyote. Walionisikia mwaka jana hapa hapa Tanga watanivumilia, maana narudi kwenye lile lile, la namna tunavyosoma riwaya za kutisha. Bado halijatuingia.

Tukimaliza riwaya ya kutisha, riwaya inayomwacha mtu na kichefuchefu cha roho, swali letu la kwanza ni "inafundisha nini?" Dhamira, ujumbe, wahusika, basi. Nimefundisha Kiswahili miaka 27, na swali hilo nimeliandika ubaoni kwa mkono wangu. Silikatai. Nataka litanguliwe na jingine: ilikufanya nini wewe?

Nilikuwa kijana, nimepanga chumba Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Umeme umekatika, nimewasha kibatari, nasoma Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ile ya mwaka 1974. Anayesimulia ni Kazimoto mwenyewe. Dada yake Rukia amepewa mimba na Manase, mtu mwenye cheo, na Rukia amekufa. Kazimoto anaazimia kulipa kisasi, na atakilipa kwa Sabina, dada yake Manase.

Hapa nisikilizeni vizuri. Nilikuwa upande wake! Mimi nina wadogo zangu wa kike, damu ilinichemka. Nilifunua kurasa mbio mbio nione atampata lini huyo binti. Sabina hajamkosea mtu. Hajamgusa Rukia. Na mimi, kijana wa chuoni, mwana wa watu, nimekaa kitandani namwombea aharibiwe. Siwezi kusema ni mstari gani ulionizindua. Ninachokumbuka ni mkono kuwa mzito. Nikakilaza kitabu kifudifudi, nikatoka nje.

Mama mwenye nyumba alikuwa barazani anapunga upepo. Akanitazama, akauliza, "Mwanangu, umefiwa?" Nikamwambia, "Hapana, bi mkubwa, nilikuwa nasoma." Akasema, "Kisomo gani hicho cha kumtoa mtu jasho?"

Sikuwa na la kumjibu. Angekuwa hai leo ningekwenda kumjibu, maana nimelifikiria muda mrefu. Bi mkubwa, ni kisomo ambacho mwandishi hakuniambia Kazimoto ni mwema au ni mwovu. Alinipa macho ya Kazimoto nitazame nayo, nami nikatazama kwa hiari yangu, nikaona kumbe najua njia. Wosia haujanifanyia hivyo hata siku moja. Kwenye wosia mwovu siku zote ni mtu mwingine, nami nimekaa pembeni natikisa kichwa. Kitabu kile kilininyang'anya hicho kiti cha pembeni. Nilikimalizia mchana, Raskazone, kwenye jua na watu wanaoogelea, na hata hapo niliogopa. Mwisho wake siwaambii. Kisomeni.

Sasa yupo atakayesema, "Mwalimu, giza hilo ni la kuiga Ulaya. Sisi watu wa Tanga tuna Shaaban Robert, tuna adili." Ndugu zangu, maneno haya yamenichosha. Shaaban Robert kazaliwa Vibambani, hapo tu, mwaka 1909. Haya, tumfungue huyo huyo. Adili na Nduguze. Liwali wa Janibu, mtu ambaye jina lake lenyewe ni Adili, kila usiku anawaendea manyani wawili waliofungwa. Anawachapa viboko huku analia. Akimaliza anawakumbatia na kuwabembeleza. Kesho usiku tena. Na manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa damu.

Mliisoma darasani mkaandika "tuepuke husuda", mkawekewa tiki. Nani aliwauliza, mlipomwona mtu mwema kashika kiboko na machozi yanamtoka, tumbo lilifanyaje? Msiniambie ameamriwa na majini. Najua ameamriwa. Kwangu hilo ndilo linalozidisha hofu: wema wote ule, na kiboko kinashuka vilevile. Giza hilo halikuja na meli. Liko hapa, kwa Kiswahili fasaha, na sisi tumelipita kama mtu anayepita makaburini akiimba.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema mengi juu ya Rosa Mistika, riwaya nyingine ya Kezilahabi, iliyotoka 1971 na ikakatazwa shuleni kwa muda. Niseme hili moja: waliogopa wasichana wataiga. Binti anayepigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana, kama Rosa wa kitabuni, hangoji riwaya imfundishe maumivu. Anangoja mtu ayataje.

Na hili nisilisahau. Mwenye msiba mbichi, au ambaye roho yake imeshaelemewa, akikifunga kitabu hajashindwa na kitu. Akifunge, amtafute mtu wa kuzungumza naye. Kitabu hakiozi.

Nilitaka pia tusome pamoja kwa sauti, lakini hilo naliacha, magharibi imekaribia na wengine mnakwenda kuswali. Muda uliobaki nataka niwasikie ninyi, na sitaki dhamira wala ujumbe. Wewe binti wa nyuma, uliyekuwa unatikisa kichwa nilipotaja manyani: wewe ulifunga kitabu ukurasa gani?