Githeri ya Kikapu: Gesi Kidogo, Mama Atulie

Karibuni tena jikoni kwangu hapa Umoja, mama wenzangu. Leo tunashona kikapu cha kupikia, kile kinachotunza joto la sufuria ili chakula kiendelee kuiva bila moto, kisha tukitumie kuivisha githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja.

Shosho wangu akiepua sufuria alikuwa anaifunga kwa blanketi kuukuu, anaenda zake shambani. Nilipoacha kazi kumlea kitinda mimba wetu, tukabaki na mshahara mmoja na mtungi wa gesi wa kilo 6, ndipo nilipomkumbuka.

Chukua kikapu kipana kuliko sufuria yako. Mimi nimeomba vitambaa kwa fundi cherehani, nikaongeza sweta za watoto zilizowabana. Shona mito miwili: mkubwa wa kutandika chini na kuzunguka pembeni, mdogo wa kufunika juu. Jaza vitambaa mpaka unene ufike kama sentimita 10. Angalieni hapa, nikibonyeza mto unarudi juu wenyewe. Ukibaki na shimo, joto litapita hapo. Usiweke nailoni, sufuria moto inaweza kuiharibu.

Githeri sasa. Jana usiku nililoweka vikombe 2 vya muthokoi na kikombe 1 cha maharagwe. Nimechagua muthokoi kwa sababu yamekobolewa, yanaiva upesi kuliko mahindi yenye ganda. Mwaga maji ya kuloweka, tia mapya yapite juu ya nafaka kama vidole viwili. Si mengi, maana ndani ya kikapu hayakauki.

Funika, chemsha dakika 40. Hapa naomba mnisikilize vizuri: maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili, na joto la kikapu peke yake haliiondoi. Lazima yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kuepuliwa. Msiruke hatua hii hata gesi ikiwa inakata.

Usifunue kifuniko. Sufuria iwe imejaa walau nusu, ile yenye chakula kidogo hupoa haraka. Itoe motoni ikiwa bado inatokota, ifunge kwa leso, itumbukize kikapuni, gandamiza mto wa juu. Hivi. Ni saa 3 asubuhi, nami sitaigusa mpaka saa 9 alasiri. Mtoto akilala, nafua. Akiamka, tunatoka kuota jua. Sina haja ya kukimbilia jikoni kila mara kuongeza maji.

Haya, saa 9 imefika. Mnaona mvuke? Chukua punje moja, ifinye kwa vidole. Imepondeka, hata katikati haina kiini kigumu. Ukikuta chakula ni vuguvugu, kirudishe motoni kichemke tena kabla ya kula.

Kaanga kitunguu, nyanya na hoho, mimina githeri, chumvi, dania mwishoni. Wakubwa wanatoka shule saa 10, wataikuta ya moto.