Akiba ya Mlalo kwenye Kona za Lushoto

Habari za jioni, ndugu zangu. Nawashukuru wote mliofika, hasa ninyi wa kutoka Tanga mlioloa njiani. Kesho asubuhi tunapanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 hivi za lami inayojikunja ubavuni mwa milima ya Usambara, na safari hii msafara wetu ni mchanganyiko: wapo wa pikipiki za kruza, zile nzito, ndefu na za chini, wapo wa spoti, zile nyepesi za mbio. Wazee wa klabu wameniomba nieleze tofauti ya kuendesha hizi mbili kwenye kona. Nimekuwa na zote mbili kwa miaka, na zote nazipenda kwa moyo mmoja.

Kabla sijaenda mbali, naomba kitu hiki kizunguke mkono kwa mkono. Ni kibao cha kukanyagia cha kruza yangu, Harley-Davidson Fat Boy, upande wa kushoto. Pitisheni kidole kwa chini, ukingo wa nje. Mnaona kilivyolika mpaka chuma kinang'aa, kimekuwa chembamba kama makali ya kisu? Hakikupigwa msasa na mtu. Kimeliwa na lami hii hii ya kesho.

Na hili tairi la nyuma nililitoa kwenye spoti yangu ya zamani, Yamaha R6. Katikati limekwisha, kipara kabisa. Lakini tazameni huku pembeni, upana wa kidole kimoja: bado lina vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani. Barabara ni ileile, mwendeshaji ni yuleyule. Kwenye kruza nilitumia mlalo wote, yaani kule kuinama kwa pikipiki kwenye kona, mpaka nikaanza kula chuma. Kwenye spoti sikuwahi kuufikia mwisho.

Kile kilichobaki pale pembeni ya tairi mimi nakiita akiba ya mlalo (wenyeji wa Lushoto mnisamehe, sisemi mji wenu wa Mlalo). Ni kiasi ambacho pikipiki bado inaweza kulala baada ya wewe kuwa umeshailaza. Kwenye kona usiyoiona mwisho, hiyo ndiyo itakayokurudisha nyumbani kona ikijikunja zaidi ya ulivyodhani.

Sasa tuitie namba. Fat Boy yenye injini ya inchi za ujazo 114 inalala nyuzi 25.6 kila upande, kisha vibao vinagusa chini. Hiyo ni namba ya mtengenezaji mwenyewe. Spoti yenye tairi nzuri, kwenye lami kavu, inalala nyuzi 45 na zaidi. Chukueni kona ambayo duara lake lina nusu kipenyo cha mita 30, na kona za namna hiyo kesho mtazikuta hadi mchoke. Kwa nyuzi 25.6 mwendo wa mwisho ni karibu kilomita 43 kwa saa. Kwa nyuzi 45 ni karibu 62. Na hapo nimepiga hesabu kana kwamba tairi ni nyembamba kama ya baiskeli. Tairi la nyuma la Fat Boy lina upana wa milimita 240, la R6 ni 180. Tairi pana ukililaza, sehemu inayoshika lami inahamia pembeni, mbali na mstari wa katikati wa pikipiki, hivyo kwa mwendo uleule inabidi ulale zaidi. Kwa hiyo mwenye Fat Boy anaifikia ile 25.6 kabla hata ya kilomita 43.

Mtu wa kruza akiyasikia haya anakata tamaa. Asikate. Kuna njia ya kuipata akiba hata pale pikipiki haijakupa, nayo ni mwili wako. Kabla ya kona, sogeza kifua na kichwa upande wa ndani, pua ielekee kwenye kioo cha upande ule, makalio yabaki kwenye siti. Mwili ukilala zaidi, pikipiki inalala kidogo. Ila tusidanganyane: Fat Boy ina kilo 317, R6 ina 190. Mtu wa kilo 80 juu ya R6 ni karibu asilimia 30 ya uzito wote, juu ya Fat Boy ni 20. Utapata nyuzi chache tu, na wakati mwingine chache ndizo ulizokuwa unahitaji.

Nitawaambia siku nilipozihitaji nikazikosa. Ilikuwa chini kidogo ya Soni, ule mji mdogo ulio njiani kati ya Mombo na Lushoto, tunapanda, nikiwa na Fat Boy nyuma ya rafiki yangu mwenye spoti. Yeye alikuwa anatembea taratibu kabisa, kwa pikipiki yake. Mimi nikafuata mwendo wake badala ya kufuata barabara. Ikaja kona ya kushoto, nikailaza, kibao kikagusa, nikasikia ule mkwaruzo niliouzoea. Kibao kina bawaba, kinakunjika kwenda juu, kwa hiyo hakikutisha. Lakini kona haikufunguka, ikazidi kubana. Nikalaza zaidi, na safari hii kilichogusa lami ni chuma kisichokunjika. Chuma kile kikawa kama jeki: tairi la nyuma likapunguziwa uzito, likateleza kwenda nje, upana wa kiganja hivi. Nikashtuka, nikaachia mafuta. Pikipiki ikasimama wima yenyewe ikanivusha mpaka upande wa kulia wa barabara.

Upande ule haukuwa na gari. Nilirudi upande wangu, nikasimama kwenye kituo cha kwanza nilichokiona, magoti yananitetemeka. Sikuwa nimevua helmeti lilipopita Fuso limesheheni kabichi, linateremka.

Kosa langu halikuwa kwenye kona, lilikuwa mita 50 kabla yake. Kruza unaiendesha kabla ya kona. Breki zote umalize ikiwa wima, gia uchague mapema, uingie na mwendo ambao ungekutosha hata kona ikibana mara moja zaidi. Ukishalala, shikilia mafuta kidogo, yasipungue. Ukiyaachia ghafla pikipiki inakaa chini, na ule upenyo mdogo kati ya vibao na lami unapungua pale pale unapouhitaji. Anayebeba abiria kesho akaze springi za nyuma usiku huu, asingoje asubuhi.

Zawadi ya kruza inakuja wakati wa kutoka. Injini ile inatoa nguvu ya mzunguko ya niutoni-mita 155 kwenye mizunguko karibu 3,000 tu kwa dakika. R6 inatoa 61.7, tena mpaka ufikishe mizunguko 10,500. Kwenye kona kali ya kupanda, gia ya pili, kruza unaifungulia kidogo tu inakubeba kama mkono wa mama. Spoti pale iko usingizini, inataka upige kelele ndipo iamke. Nawahakikishia wa spoti: kuna kona kesho ambazo wenye kruza watatoka wakiwa wametulia na ninyi mnatafuta gia.

Haya, spoti. Yenyewe hatari yake ni ukimya. Kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya la nyuma R6 ina milimita 1,375, Fat Boy ina 1,665, na uma wa R6 umesimama zaidi, kwa hiyo inageuka ukiwaza tu. Gia ya kwanza peke yake inavuka kilomita 100 kwa saa. Unaweza kuwa unakimbia mwendo wa kukuua na mwili wako hauna habari. Kruza inakwaruza, inakuonya. Spoti hainung'uniki, inakula akiba kimyakimya mpaka siku tairi inapokutana na mchanga uliomwagwa na lori, na pale hakuna cha kukwaruza kwanza. Isitoshe shokapu zake ni ngumu, zilitengenezwa kwa lami laini. Kwenye viraka tairi inarukaruka, na tairi iliyo hewani haishiki kitu.

Kwa hiyo wewe wa spoti akiba unayo, lakini unailinda kwa macho. Tazama pale mbele ambapo kingo mbili za barabara zinakutana. Zikikusogelea, kona inabana, punguza. Zikianza kukukimbia, kona inafunguka, vuta mafuta taratibu. Kwa aliyepanda kruza ni hivyohivyo, ila yeye akichelewa kuona anasikia kelele, wewe husikii chochote.

Kuna jambo moja naomba lisiwapite, nalo ni la pikipiki zote. Sisi tunapita kushoto. Kwenye kona ya kulia, ukikaa karibu na mstari wa katikati halafu ukalala, tairi zako ziko upande wako lakini kichwa chako kimeshavuka mstari, kiko upande wa lile Fuso. Kaa kushoto mpaka uione barabara yote, ndipo usogee. Wa spoti mnalala zaidi, kwa hiyo kichwa chenu kinavuka zaidi.

Kushuka kesho kutwa ni habari ya breki. Fat Boy ina diski moja mbele, R6 ina mbili. Ukiteremka karibu mita 1,000 na pikipiki ya kilo 317 huku umeng'ang'ania breki, diski inapata moto na breki inalegea mkononi. Shuka na gia ndogo, injini ikushike, breki ya nyuma ikusaidie. Kruza ni ndefu, breki yake ya nyuma ina kazi kubwa. Kwenye spoti uzito wote unakimbilia mbele, ya nyuma inabaki ya kusawazisha tu. Mikono isibebe mwili, shikeni tangi kwa magoti, la sivyo mtafika Mombo viganja vimekufa ganzi.

Mpangilio wa kesho: kruza zinatangulia, zenyewe ndizo zitapanga mwendo. Spoti nyuma, na tunasimama Soni karibu na maporomoko kupumzisha breki na viuno. Wa spoti, mkiona cheche chini ya kruza iliyo mbele yenu, jueni mwenzenu hana mlalo uliobaki. Mwachieni nafasi, msimsogelee, mpaka atoke kwenye ile kona.