Oszkár Jászi: Waziri Aliyegeuka Mwanahistoria

MTANGAZAJI 1: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunamzungumzia Oszkár Jászi, Mhungari aliyezaliwa mwaka 1875 katika mji wa Nagykároly, ambao siku hizi uko Romania na unaitwa Carei. Kaka, ulisisitiza tuanzie Arad, mji ambao nao siku hizi uko Romania. Kwa nini?

MTANGAZAJI 2: Kwa sababu, dada yangu, maandishi yake ya baadaye hayaeleweki vizuri bila Arad. Mwishoni mwa Oktoba 1918, Mihály Károlyi aliunda serikali mjini Budapest na kumkabidhi Jászi masuala ya jamii zisizo za Kihungari zilizoishi ndani ya Hungaria. Tarehe 13 Novemba alikuwa tayari Arad, akiwasihi viongozi wa Waromania wakubali kubaki katika nchi yenye majimbo yanayojitawala kwa mfano wa Uswisi. Iuliu Maniu, mmoja wa viongozi hao wa Waromania, alimjibu kwamba wanachotaka ni kujitenga kabisa.

MTANGAZAJI 1: Pendekezo lenyewe lilikuwa na kasoro?

MTANGAZAJI 2: Kasoro yake kubwa ni kuchelewa. Kwa sensa ya mwaka 1910, ukiijumlisha Kroatia, Wahungari hawakufika nusu ya wakazi wa ufalme wao, na bado watawala waling'ang'ania kuwageuza wengine wawe Wahungari kwa njia ya shule na ofisi za serikali. Jászi alikuwa ameandika kitabu kikubwa juu ya suala hilo mwaka 1912, lakini wenye madaraka hawakumsikiliza. Januari 1919 akatoka serikalini, na mwaka huohuo, Béla Kun na wakomunisti wenzake wakiwa madarakani, akahamia Vienna.

MTANGAZAJI 1: Kisha Marekani.

MTANGAZAJI 2: Naam, mwaka 1925, katika Chuo cha Oberlin, Ohio, alikofundisha hadi 1942. Mwaka 1929 alitoa kitabu chake mashuhuri kuhusu kuvunjika kwa dola ya Habsburg iliyounganisha Austria na Hungaria, ambamo anapima nguvu zilizoishikilia dola hiyo, yaani ukoo wa kifalme, jeshi, makabaila, Kanisa Katoliki, urasimu na soko la pamoja, dhidi ya zile zilizoitawanya, na kuonyesha kwamba sababu za ndani ndizo zilizoiangusha.

MTANGAZAJI 1: Lakini, kaka, mwanasiasa aliyeshindwa akiandika historia, si huwa anajitetea?

MTANGAZAJI 2: Ningekubali kama angewatupia lawama zote washindi wa vita, jambo ambalo lingewapendeza Wahungari wengi wa wakati ule. Yeye aliwashtaki mabwanyenye wa nchi yake mwenyewe, waliohodhi ardhi na kura, na akasema wazi kwamba dola ile haikuwahi kuwafundisha raia wake kuishi pamoja kama raia wa nchi moja. Kwangu mimi, hoja hiyo ya elimu ya uraia ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa kuwa mwandishi wake aliwahi kukaa mezani na watu waliokwisha kukata tamaa na nchi hiyo.