Seti bakapu ijifanye yenyewe kwenye Windows

Mambo vipi wadau, karibuni tena, hapa ni Arusha na leo naongea hasa na nyie wa ofisi za utalii na steshenari hapa mjini, maana unakuta kompyuta moja ndo imebeba invoisi, vocha za wageni, picha za Serengeti, kila kitu, afu kopi nyingine hamna popote. Na bakapu ya kusubiri mtu akumbuke haifanyiki, wageni wakianza kumiminika mwezi wa 6 nani ana huo muda, kwa hiyo tunaiseti ijifanye yenyewe.

Tafuta eksteno, yaani diski ya nje ya kuchomeka kwa USB, iwe na nafasi kama mara mbili ya mafaili yako, na isiwe ile mnayoazimana kuhamishia muvi. Ichomeke. Sasa nenda sehemu ya kutafuta andika Control Panel, fungua, ingia System and Security afu File History, hicho ndo kifaa cha Windows chenyewe cha kukopi mafaili. Ikishaiona eksteno yako bonyeza Turn on, hapo inaanza kukopi.

Usifunge bado. Kushoto kuna Advanced settings, fungua. Yenyewe inakuja imesetiwa kukopi kila saa moja, unaweza ukaishusha hadi dakika 10 au ukaiweka mara moja kwa siku. Mimi nakushauri uiache kwenye saa moja, maana ukiweka mara moja kwa siku na umeme ukakatika mchana, kazi yote ya asubuhi inaweza kuwa haimo. Chini yake kuna Keep saved versions, imewekwa Forever, badilisha iwe Until space is needed ili diski ikijaa ifute kopi za zamani yenyewe.

Sasa hapa tulieni kidogo, maana hapa ndo wengi wanapoumia. File History haibebi kompyuta nzima, inabeba Desktop, Documents, Pictures, Music, Videos na vichache vingine, kwa hiyo kama folda ya kazi uliiweka kule diski ya D haiguswi kabisa na wewe unajua uko salama. Bonyeza hiyo folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, Show more options (hii ni ya Windows 11, kwenye Windows 10 haipo, iruke), Include in library, chagua Documents, basi na yenyewe itakuwa inakopiwa. Wahasibu, programu ya mahesabu fanyeni bakapu kutoka ndani ya programu yenyewe, afu hilo faili lisevuni Documents.

Kingine, kuna virusi vinafunga mafaili vikidai hela, na vikiingia vinafunga mpaka eksteno iliyochomekwa. Mwenye uwezo anunue mbili, moja ofisini, nyingine nyumbani, kila Ijumaa unabadilisha, ukichomeka ya pili unaenda Select drive unaichagua. Na jamani, msibebe laptop na eksteno kwenye begi moja, mwizi akipita nalo kapita na vyote.

Mwisho tunajaribu, hii usiiruke. Rudi File History, bonyeza Restore personal files, chagua faili moja la jana, afu usibonyeze kile kitufe cha kijani maana kinalirudisha palepale lilipotoka, bonyeza kialama cha gia pale juu kulia, chagua Restore to, uliweke kwenye folda mpya. Lifungue usome ndani. Likigoma kufunguka niandikie hapo chini unatumia Windows ipi na eksteno ya ukubwa gani, nitakujibu.