Kofia ya Janna-Berta

Ndugu wapenzi wa vitabu, asanteni kwa kufika. Leo nawaletea Die Wolke, yaani “Wingu”, riwaya ya Gudrun Pausewang iliyotoka Ujerumani Magharibi mwaka 1987, mwaka mmoja baada ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, huko Ukraine, kulipuka. Pausewang hakumpeleka msomaji Ukraine. Ajali aliileta nyumbani, kwenye kinu cha Grafenrheinfeld, kilichokuwa kikizalisha umeme wakati watoto wanaisoma hadithi yenyewe.

Ving'ora vinalia msichana Janna-Berta, mwenye miaka 14, akiwa shuleni. Wazazi hawapo. Anakimbia kwa baiskeli na mdogo wake Uli, na njiani Uli anagongwa na gari, anakufa. Mionzi haijawafikia bado! Kilichomuua ni watu wazima waliokuwa wakiokoa roho zao. Wapo wanaosema hadithi hii ni kali mno kwa watoto. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto anayesikia habari redioni hofu anayo tayari. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye amweleze.

Baadaye mvua yenye mionzi inamnyeshea, anaugua, nywele zinapukutika. Anapohamia Hamburg, shangazi yake anamtaka afunike kichwa. Janna-Berta anakataa. Anatoka na upara wake mchana kweupe, na watu wanamkwepa. Kwangu mimi, hapa ndipo anapokua. Pausewang anawakumbusha wasomaji wake hibakusha, manusura wa mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki ya 1945, ambao wengi wao walificha yaliyowapata ili wapate kazi na wachumba.

Kisha anarudi kwao Schlitz. Babu na bibi wametoka likizo kisiwani Mallorca. Wamefichwa kwamba mwana wao, mkewe na wajukuu wengine wamekufa. Safari hii msichana amevaa kofia. Babu anaanza kulalamika kwamba mambo yalitiwa chumvi. Msichana anaivua kofia, anaanza kusimulia yote.

Grafenrheinfeld kilizimwa mwaka 2015, na vinu vya mwisho vya Ujerumani vikazimwa Aprili 2023. Kuna wanaouliza: basi kitabu hiki kina kazi gani tena? Mimi nawajibu kwa yule babu. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mjukuu wake, alikuwa ameketi mbele yake, na bado alitaka kuamini kwamba hakuna kilichotokea. Walimu mliopo, someni ukurasa huo na wanafunzi wenu, kisha waacheni wao waanze kusema.

Karibuni kwa maswali.