Kwa Mwanza Mlango Haufungwi

Shikamooni wazee. Na nyie vijana mliojibana huko nyuma, viti vya mbele vipo, njooni.

Nimeombwa nizungumzie unyenyekevu na toba katika misheni. Naona wazazi, naona vijana wanaojiandaa kwenda, na naona majirani kutoka makanisa mengine, ahsanteni kwa kuja. Kwa ajili ya majirani niseme utaratibu ulivyo, haraka haraka. Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi mnatuita Wamormoni, kijana wa kiume anatumikia misheni, yaani kazi ya kuhubiri nyumba kwa nyumba, miezi 24, wa kike miezi 18. Mshahara hakuna. Hachagui nchi wala mtaa, na mwenza wake anapangiwa. Wanatembea wawili, wanasoma wawili, wanakaa chumba kimoja, mpaka siku mmoja wao atakapohamishwa bila kuulizwa.

Vijana wengi ninaoongea nao wamejiandaa kwa jambo moja tu: kukataliwa. Wamesikia simulizi za wamisionari wa Ulaya na Marekani waliofungiwa milango mchana kutwa, wakarudi chumbani wamenyong'onyea, wakapiga magoti, na hapo ndipo wakaupata unyenyekevu. Kwa Mwanza mtasubiri sana. Hapa mlango haufungwi. Pandeni Mabatini kule juu kwenye mawe, mpige hodi. Mkisalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka", ndiyo kabisa, mtaletewa viti na maji, na kama ugali umeiva mtanawa. Watawasikiliza mpaka mwisho, watasema karibuni tena. Jumapili hamtamwona hata mmoja. Mkipita tena Jumanne, viti vitatoka vilevile na furaha ni ileile!

Ukarimu huu ni wetu na najivunia. Lakini kwa mmisionari ni mtego, maana anaanza kuamini kwamba kile kiti kimetolewa kwa sababu ya ufasaha wake. Angekuwa anauza bima angepewa hichohicho. Tena tumewakuta watu hawa wanasali. Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifika Bukumbi, hapo kusini tu mwa mji, mwaka 1883. Bibi unayekwenda kumfundisha kusali huenda alianza kushika rozari kabla mama yako hajazaliwa, na bado amekaa kimya anakusikiliza, mtoto wa miaka 19.

Basi kama milango haitunyenyekezi, nani atatunyenyekeza? Jibu langu ni moja: mwenza. Watu wa mtaani wanakuona kwa nusu saa, umechana nywele, shati jeupe limepigwa pasi. Mwenza anakuona ukiamka. Anajua ni nyumba ipi ulisema hawapo wakati hukugonga. Rais wa misheni, yule kiongozi wa wamisionari wote wa eneo, unamwandikia kila wiki na unaweza kumpamba. Huyu wa kitanda cha pili humpambi.

Kulikuwa na wawili hapa, majina yao nayaacha. Mmoja kijana wa kwetu, kakulia pembeni ya ziwa, Kiswahili kimenyooka na Kisukuma anacho. Mwenzake ametoka Utah, Kiswahili chake cha kuokoteza. Kila Mmarekani alipofungua mdomo, yule wa kwetu alimmalizia sentensi. Alidhani anamsaidia. Siku moja mama mwenye nyumba akasema, "Mwanangu, mwache mwenzio aongee, tunamwelewa." Usiku kijana akaomba radhi: "Kama kuna mahali nimekukosea, nisamehe." Mwenzake akamsamehe, wakasali, wakalala. Kesho yake ikawa yaleyale.

Unaona hiyo toba? Haina kosa ndani yake. Ameomba msamaha wa kitu ambacho hajakitaja, kwa hiyo hakuna cha kuacha. Na kinyongo kati ya watu wawili wa chumba kimoja ni kama dagaa walionyeshewa kabla hawajakauka. Hakuna haja ya kutangaza, mtaa wote unajua. Mambo yalibadilika pale kijana alipomwambia: "Nimekukatiza mara nyingi kwa sababu napenda watu wanione mimi." Kisha akamwachia somo zima afundishe peke yake. Lilichukua muda mrefu kweli kweli, ngeli zimevurugika, na yeye amekaa ameuma ulimi. Kwangu mimi toba ilikuwa pale kwenye kuuma ulimi, zaidi ya yale maneno ya usiku.

Maandiko yetu yako wazi juu ya kutaja kosa. Mwaka 1828 Martin Harris, aliyekuwa mwandishi wake, alimbembeleza Joseph Smith, nabii mwanzilishi wa kanisa letu, ampe kurasa 116 za tafsiri ya Kitabu cha Mormoni, andiko letu, aende kuwaonyesha ndugu zake. Joseph aliambiwa hapana, akarudi kuomba tena na tena mpaka akaruhusiwa, na kurasa zikapotea. Karipio alilopewa lipo katika Mafundisho na Maagano, kitabu chetu cha mafunuo, sehemu ya 3: ulimwogopa mwanadamu kuliko Mungu, tubu. Kosa limetajwa kwa jina lake, la nabii mwenyewe, na limechapishwa tulisome sote. Mkuu wa taasisi gani leo angekubali?

Na Amoni wa Kitabu cha Mormoni, yeye na nduguze walianza kama waharibifu wa kanisa. Walipotubu, walizunguka kwanza kurekebisha waliyoyaharibu, ndipo wakaenda misheni ya miaka 14. Huko Mfalme Lamoni alitaka kumpa Amoni binti yake. Amoni akachagua kuwa mtumishi, akapelekwa kwenye mifugo. Mfalme alishangaa kusikia alivyowapiga wezi wa mifugo, ila alishangaa zaidi kuambiwa kwamba sasa hivi yuko na farasi, anawalisha, kwa kuwa aliagizwa.

Wazazi, nina ombi. Tangu Februari 2019 watoto wanaruhusiwa kuwapigia simu kila wiki; zamani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama. Wengi wenu mkishasalimiana swali la kwanza ni "umebatiza wangapi?" Mnamfundisha kuhesabu watu. Ombeni mpewe mwenza wake mumsalimie, mumuulize kwao ni wapi, mama yake anaendeleaje. Na kama ni mgeni anatafuta neno la Kiswahili, msimmalizie.