Zamu ya Usiku Iliyoachwa Gizani

Ndugu mafundi na wasimamizi wa zamu, nizungumzie hatari moja tu: mtu kuwasha mtambo huku ameachwa gizani kuhusu kilichofanyika mchana.

Chukueni Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi lililokuwa Bahari ya Kaskazini, upande wa Uingereza. Tarehe 6 Julai 1988 pampu A, mojawapo ya mbili za kusukuma gesi iliyogeuka kimiminika, ilisimamishwa. Vibali vya kazi, yaani karatasi za kuruhusu kazi ifanyike, viliandikwa viwili: kimoja cha matengenezo ya pampu, kingine cha vali yake ya usalama, ile inayopunguza shinikizo likizidi. Vali ikatolewa kwenda kupimwa, mdomo wa bomba ukafunikwa kwa sahani ya chuma. Jioni vali ilikuwa haijarudishwa. Kibali chake kikarejeshwa bila zamu ya usiku kuelezwa kwa mdomo.

Kabla ya saa nne usiku pampu B ikazima, ikagoma kuwaka. Wakatafuta vibali vya pampu A, wakakiona cha matengenezo, ambayo hayakuwa yameanza. Cha vali hawakukiona. Hata kwa macho wasingegundua, maana vali ilikaa juu, mbali na pampu. Wakaiwasha. Gesi ikapenya kwenye ile sahani, ikalipuka. Watu 167 walikufa.

Karatasi ilikuwepo, ndugu zangu! Lakini asiyejua kwamba vali imetolewa hawezi kuiulizia. Mzigo wa kusema ni wa anayeondoka.

Kwa hiyo vibali vya mtambo mmoja vikae pamoja kwa namba ya mtambo, si kwa fani ya fundi, na kila kibali kiandikwe namba ya mwenzake. Kazi ikiishia njiani, kibali kibaki chumba cha uendeshaji. Kata umeme, tia kufuli, ning'iniza kibao swichini: VALI IMETOLEWA, USIWASHE. Ukiandika "matengenezo" tu, hujamwambia mtu kipi hakipo. Kisha mpeleke anayepokea zamu hadi kwenye bomba, aione sahani, naye akueleze kwa maneno yake hali aliyoikuta. Akijibu "sawa, nimeelewa", bado hujakabidhi.

Muda wa makabidhiano uwekwe kwenye ratiba ya zamu zote mbili, na ulipwe. Fundi anayekabidhi huku basi la kumrudisha nyumbani linapiga honi atasaini tu na kuondoka.